Neno Alilolimeza Mafinga

Habari hii nimepewa na Saida wa Kihesa, kipupwe kilichopita, tukiwa jikoni kwake tunapepeta mchele wa arubaini ya jirani. Mkaa ulikuwa umewaka, nje baridi ya Iringa inauma masikio. Saida akisimulia hana haraka, na mimi nikisikiliza sina haraka, basi mchele ule ulipepetwa ukarudiwa. Aliponiruhusu niandike alisema, "Andika, lakini usinifanye mkali kuliko nilivyo." Nitajitahidi. Mwenye habari hasa ni Naima, binti wa kaka yake.

Asubuhi ile Naima aliamka na ndoto bado imemkaa machoni. Aliota yuko Mbeya, anapanda kilima ndani ya ukungu, ukungu mzito kama maziwa, na mbele yake kuna nyumba ya barafu. Ndani ya ile barafu kulikuwa na taa mbili ndogo mno, kila moja kama punje ya njegere. Hazikuzimika, wala hazikuwaka sana. Zilikuwa zinangoja tu. Mlangoni kulikuwa na mkono wa mtu umeshika komeo. Uso hakuuona, ila mkono aliujua, maana ulikuwa na kovu la kulabu ya magunia chini ya kidole gumba. Akataka kuita, "Habibu!" Ukungu ukamjaa mdomoni, akaamka.

Alipoamka akausikia mvuto chini ya kitovu.

"Leo usije," akaunong'oneza, kama mtu anayemsihi mgeni mlangoni. "Tafadhali, leo tu usije."

Miaka yote ya ndoa yake Naima aliuchukia mvuto ule. Kila mwezi ulikuja kumwambia mwezi huu pia hakuna mtoto, naye akawa analia chooni, bomba la maji limefunguliwa ili mama mkwe asisikie. Sasa alikuwa anauogopa kwa jambo jingine. Habibu alikuwa amempa talaka moja, talaka ambayo mume anaweza kumrejea mkewe eda ikiwa haijaisha. Hedhi ya kwanza ilipita Habibu hakuja. Ya pili ikapita hakuja. Hii ya tatu ikionekana tu, eda imekwisha, na yeye na Habibu watakuwa watu baki, hata kupeana mkono hapana.

Na si wao wawili peke yao. Huko Dar es Salaam, katika kliniki waliyokwenda kwa siri, kulikuwa na wawili wengine. Nesi aliwaita viinitete. Ilikuwa mbegu ya Habibu na yai la Naima, vimeunganishwa na madaktari, vikaanza uhai, vikagandishwa. Watatu walianza, mmoja aliwekwa tumboni mwa Naima akakaa muda mfupi tu, akaondoka. Wawili wamebaki kwenye baridi. Naima hakuwapa majina, aliogopa. Moyoni alikuwa anawaita "wale wawili". Na alikuwa anajua vizuri: ndoa ikifa, wale wawili hana ruhusa tena ya kuwaita. Kwa dini yake haifai, na kliniki nayo haiwezi kumpandikizia bila Habibu kukubali.

"Umeamka, mwanangu?" Saida aliita kutoka jikoni.

"Nimeamka, shangazi."

"Tumbo?"

"Linavuta."

Saida akaacha kukanda unga, akaja mlangoni na mikono myeupe. "Kumeonekana kitu?"

"Bado."

"Alhamdulillahi. Basi kaa hapo hapo kitandani. Usifagie, usiiname."

"Kwani nikikaa haitakuja?"

"Sijui. Lakini kaa."

Naima akacheka kidogo, na machozi yakamtoka hapo hapo. Saida akaketi pembeni ya kitanda, unga wake ukamwagikia blanketi.

"Mimi ndiye niliyekuja na basi kukuchukua Mbeya," alisema. "Nilisema mwanangu kaachwa, hakai kwa watu hata siku moja. Nikakubebea sanduku. Sasa najiuliza, ungebaki pale machoni pake, si angekuwa ameshalainika?"

"Shangazi, yeye ndiye aliyetamka."

"Alitamka, ndiyo. Na wewe je, hukumwambia akuache?"

Naima akageukia ukutani.

Alimwambia, ni kweli. Ilikuwa hivi. Mama yake Habibu, Bi Mwanakhamisi, alifungua friji kutafuta samaki, akakuta sindano zimepangwa pembeni ya limau. Akazitoa, akaziweka mezani mbele ya wote. "Mnanifugia nini humu?" Ilibidi waseme. Bi Mwanakhamisi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno ambalo Naima hajalisahau: "Mjukuu wa friji mimi simtaki. Kama tumbo la huyu limefungwa, mwanangu ataoa mke mwingine, tumalize."

Naima akamtazama mumewe. Daktari aliwaeleza wakiwa wamekaa wote wawili, tena kwa upole: mke hana tatizo lolote, mbegu za mume ndizo chache, tena hazina mbio. Naima aliitunza ile siri kama alivyoitunza pete yake. Siku ile alingoja Habibu aseme mwenyewe, neno moja tu, "Mama, ni mimi." Habibu akatazama zulia. Akalitazama zulia lile kana kwamba ndiyo siku ya kwanza kuliona.

Usiku Naima akamwambia, "Mwambie mama yako ukweli, au niache." Na Habibu, kwa aibu, akasema ameachika, talaka moja. Lilipomtoka, wote wawili walitazamana kama watu waliovunja chombo cha wageni.

Basi asubuhi hii ya Kihesa, chai haijaiva, jirani yao Yudith alipiga hodi.

"Kamwene, mama Saida."

"Kamwene. Pita."

"Sipiti, nimeacha maharage motoni. Kuna gari la mchele pale kwa fundi pancha, linaulizia nyumba yako. Dereva kakonda kama aliyefiwa."

Naima aliinuka, akasahau habari ya kutoinuka.

"Yuko peke yake?" Saida akauliza.

"Mbele kuna mama mmoja, kajifunika mashuka mawili, pua tu ndiyo inaonekana."

"Toba! Huyo ni Mwanakhamisi." Saida akafuta mikono kwenye kanga. "Naima, vaa ushungi wako mzuri. Si ule. Ule wa kijani."

"Shangazi, mimi naumwa na tumbo."

"Ugua ukiwa wa kijani."

Yudith akacheka, akainama dirishani. "Ni yule wa habari ya Dar? Basi Mungu awasaidie, binti yangu. Kwetu padri hataki hata kulisikia jambo hilo. Lakini mabinti zetu wanakwenda, na wakirudi na mtoto, padri huyo huyo anambatiza." Akaenda zake kwenye maharage.

Gari likaingia uani taratibu. Naima alisimama nyuma ya pazia. Habibu alishuka upande wa usukani, akabaki ameshika mlango. Alikuwa amekonda kweli, koti linamning'inia mabegani, na kichwani ana kofia ya sufi ambayo Naima alimfuma mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa. Juu ya kofia na kwenye nywele zilizochomoza kulikuwa na unga wa pumba za mpunga. Naima alitamani kutoka akampanguse. Alizoea kumpangusa. Kila akirudi kutoka Chimala kununua mpunga, alikuwa anasimama mlangoni kama mtoto, ameinamisha kichwa, naye anampangusa kwa ncha ya kanga.

Habibu akainua macho, akalitazama dirisha. Pazia lilikuwa jepesi. Walitazamana kupitia lile pazia, na Naima akahisi ule ukungu wa ndotoni umemrudia, mtamu na mzito.

Mlangoni wazee walikuwa wameshaanza.

"Karibuni," Saida alisema. "Viatu acheni nje, na maneno makali acheni huko huko kwenye viatu."

"Bi Saida, mimi nimekuja na mchele, sikuja na maneno."

"Mchele gani?"

"Mpya, wa Chimala. Tumelala hapo jana, tumeondoka alfajiri."

"Basi mchele uingie kwanza, wewe ufuate."

Bi Mwanakhamisi akaingia, akaketi karibu na jiko la mkaa, mashuka yake yote mawili mwilini. "Iringa hii mnaishije? Mbeya baridi, lakini hii ni chuki." Akanyoosha viganja motoni. Kisha, bila kumtazama mtu, akasema, "Tumegombezwa, Bi Saida. Mimi na wewe."

"Na nani?"

"Sheikh Halfani. Kaniuliza, mke wa talaka rejea anakaa wapi? Nikamwambia kwao, Iringa, shangazi yake kaja kumchukua. Kashika kichwa. Kasema eda ya namna ile mke anakaa nyumba ya mumewe, humo humo, asitolewe wala asitoke, maana Mungu ameacha mlango. Watu wazima wawili, kasema, mmeufunga mlango na mkapeleka na ufunguo Iringa."

"Mimi niliona ndiyo heshima. Binti akiachwa anarudi kwao."

"Na mimi niliona hivyo hivyo. Nilimsaidia na kufunga sanduku."

Wakatazamana, wote wawili wakaona aibu, na kwa sababu ya aibu Saida akaenda kuongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Naima alitokea mlango wa nyuma. Uani kwa Saida kuna mpichi mkubwa, na kipupwe kile ulikuwa umepukutisha majani yote, jua linapita katikati ya matawi na kuanguka chini vipande vipande. Chini yake kuna benchi. Habibu alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi.

"Shikamoo... " akaanza, akajishika. "Naima. Sijui nikusalimieje."

"Nisalimie kama mtu."

"Hujambo?"

"Sijambo. Umekonda."

"Nakula mkate na soda."

"Nani kakuambia mkate na soda ni chakula?"

"Hakuna aliyeniambia chochote. Nyumba imenyamaza."

Wakaketi, kila mmoja ncha yake ya benchi. Kuku wa Saida akapita katikati yao, akawatazama, akaenda.

"Ulinifungia simu," Habibu alisema.

"Nilifunga. Baadaye nikawa naifungua kila jioni, nione kama utapiga. Hukupiga."

"Nilishakata tamaa. Niliposikia sauti ya yule mwanamke wa mtandao mara nyingi hivyo, nikajua ndiyo majibu yako."

"Habibu, miezi yote hii ulikuwa wapi? Ulitaka mpaka iishe?"

Habibu akaizungusha kofia mikononi. "Utanicheka. Mimi nilidhani kurejeana ni posa upya. Wazee, mahari, msemaji, barua kwa kaka yako mkubwa. Nikawa nazunguka kutafuta wazee. Mmoja anaumwa, mwingine yuko Songea kwa mwanawe. Juzi nikaenda kwa Sheikh Halfani nimwombe awe msemaji wangu. Akaniuliza, msemaji wa nini? Huyo bado mkeo. Tamka neno tu, umemrejea. Unaweza kulitamka hata njiani, hata yeye hayupo."

Naima akageuka mzima mzima. "Umelitamka?"

"Ngoja nikueleze."

"Habibu, umelitamka au hujalitamka?"

"Tulipofika Mafinga mama alikuwa amelala. Nikasimamisha gari pale kwenye misonobari, ukungu umeshuka mpaka barabarani, magari ya mbao yanapita taa tu. Nikashuka. Nikafungua mdomo niseme." Akaikunja kofia. "Nikakumbuka siku ile nilipokuacha. Sikukuuliza. Nilitamka tu, kwa sababu niliona aibu. Sasa nikurejee namna hiyo hiyo? Nimesimama peke yangu porini, wewe uko Kihesa unakunywa chai, hujui kitu, umeshakuwa mke wangu tena? Nikalimeza. Nikasema nitafika, nitamuuliza."

Jua lilisogea juu ya benchi. Naima alimtazama mtu huyu aliyelibeba neno kutoka Mafinga bila kulitoa, na alitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

"Na ingekuja je?" akasema kwa sauti ndogo. "Unajua tumbo langu linavyovuta toka asubuhi? Ingekuja wakati wewe uko Mafinga unafikiria?"

Habibu akashtuka. "Imekuja?"

"Bado."

"Nilikuwa naomba njia nzima."

"Na mimi nilikuwa naomba kitanda kizima." Akafuta jicho. "Nyumbani kwako niliwahi kumsikia Sheikh Halfani redioni, anasema kupandikiza ni kuichezea kazi ya Mungu. Leo ndiye mshauri wako?"

"Ndiye huyo huyo. Ijumaa iliyopita alisimama pale pale msikitini, akasema yale ya zamani aliyasema kabla ya kuuliza. Ameuliza wanaojua, amesoma, amekaa na daktari. Mbegu ya mume na yai la mke, ndoa ikiwa hai, ni dawa kama dawa nyingine. Ya mtu wa tatu, hapana. Na ndoa ikifa, hapana. Watu walinung'unika, mzee mmoja akatoka nje. Sheikh akasema, msinung'unike, hata mimi lilinichukua muda."

"Mama yako alisikia?"

"Niliporudi nilimweleza yote."

"Yote?"

Habibu akatazama chini. Naima akaujua ule mtazamo, ulikuwa ule ule wa zulia.

"Hujamwambia ni nani mwenye tatizo."

"Bado."

"Basi hujafika, Habibu. Gari limefika, wewe bado uko Mafinga." Akainuka, mkono tumboni. "Mimi sikutaka kuachwa. Nilitaka unisimamie. Ukinirejea leo halafu mama akaendelea kuniita tumbo lililofungwa, utakuwa umenirudisha pale pale chooni kwenye bomba la maji."

Habibu naye akainuka, akaelekea jikoni. Naima hakumsindikiza. Alibaki chini ya mpichi, akamwona anavuka ua kwa hatua nzito, anainama kupita mlango wa jikoni. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia kila kitu.

"Mama."

"Naam, baba. Mmeelewana?"

"Mama, Naima hana tatizo. Mimi ndiye mwenye tatizo."

Kikombe kiliwekwa chini. "Tatizo gani?"

"La mbegu. Ni chache. Daktari alituambia wote wawili. Siku ile ulipomsema nilijua, nikanyamaza. Nimekuwa nanyamaza siku zote, na yeye anatukanwa kwa ajili yangu."

Mkaa ulilia kwenye jiko. Naima alifumba macho.

"Wewe?" Bi Mwanakhamisi alisema mwishoni. "Na mimi nimemsema mtoto wa watu mpaka kwenye harusi za watu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Na yeye kwa nini hakuniambia?"

"Alinitunzia."

Kisha sauti ya yule mama ikarudi, imebadilika, ina woga ndani yake. "Sasa hebu nieleze vizuri. Kama wewe huna, hizo zilizoko kwenye barafu ni za nani? Nasaba, Habibu. Mimi nauliza nasaba. Mtoto aitwe wa baba yake. Wakizichanganya na za mtu mwingine, nani atajua?"

"Ni zangu, mama. Ni chache, si kwamba hazipo. Wanachagua moja moja, wanaiingiza kwenye yai. Na kila hatua wanatuuliza majina, mimi na Naima, kwa sauti. Nilitaja jina langu na lako na la marehemu baba mpaka nikaona wananitania."

"Moja tu?"

"Moja inatosha."

"Hata zamani ilikuwa moja, Bi Mwanakhamisi," Saida akasema. "Hukuwa na gunia."

"Bi Saida, niache nifikiri!"

"Fikiri. Lakini nikuulize. Siku ya harusi yao, tukiwa tunasonga ugali jikoni, si wewe uliyetusimulia Habibu alivyozaliwa?"

Naima alikuwa amesogea mpaka mlangoni sasa, akamwona yule mama ameutazama moto, shuka moja limemwangukia mapajani.

"Alizaliwa njiti," alisema taratibu. "Hakufika uzito wa kuku. Wakamweka kwenye kisanduku cha kioo, chenye taa ya joto, ametiwa mipira puani. Sikuruhusiwa kumshika. Nilikuwa naingiza kidole tu kwenye tundu. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga, akamwona, akageuka. Akasema huyu mtoto wa kabati, hajalelewa na mwili wa mtu, hatakuwa na roho ya mtu. Alikataa kumpa jina. Nikampa mimi." Akamtazama mwanawe, jitu zima limesimama na pumba kichwani. "Na mimi nikaja nikasema mjukuu wa friji."

Saida akaliokota lile shuka, akamrudishia mabegani.

Bi Mwanakhamisi akageuza kichwa, akamwona Naima mlangoni. "Njoo, mwanangu."

Naima akaja, akapiga magoti karibu na jiko. Yule mama akamshika mkono, akaingiza kidole kimoja katikati ya ngumi yake, kama pale kwenye tundu la kioo.

"Mimi bado naogopa, sitakudanganya," alisema. "Mambo haya yanakuja mbio, mimi miguu yangu mizee. Lakini woga wangu usiwe talaka yenu. Nisamehe."

"Nimesamehe, mama."

"Utanisemea kwa watu na yale ya harusini, kwamba nilikosea?"

"Hayo mama utayasema mwenyewe, kwenye harusi nyingine."

Saida akapiga kofi la furaha, kisha akakumbuka. "Jamani! Tumbo la huyu! Habibu, uliza unachouliza, maelezo mengine yatangoja!"

Habibu akachuchumaa mbele yake, mkaa kati yao unawaangaza usoni. Mkono wenye kovu akauweka gotini.

"Naima, unakubali nikurejee?"

"Na wale wawili?"

"Nesi Blandina wa kliniki alinipigia wiki iliyopita. Aliuliza wawatunze au wafanyeje. Nikamwambia sijibu peke yangu, mpaka nimuulize mwenzangu. Akasema vizuri, maana hata ungejibu peke yako tusingekusikiliza. Kwa hiyo, Naima, sitaamua mimi tu, wala hutaamua wewe tu. Ukisema wabaki, watabaki. Ukisema tujaribu, tutajaribu. Ukisema umechoka, nitakupangusia machozi."

Naima alitaka kusema mengi, aliyapanga kwa miezi. Yote yalimtoroka. Alinyoosha mkono, akampangusa pumba kwenye nywele kwa ncha ya ushungi wa kijani.

"Nakubali," akasema. "Liseme hilo neno lako, limeshachacha."

"Naima binti Ibrahimu, nimekurejea kwenye ndoa yangu."

Saida alipiga kigelegele, kuku wakatawanyika uani, na kutoka upande wa pili wa ukuta Yudith naye akajibu na kigelegele chake, bila kuuliza ni cha nini.

Walipika mchele ule mpya kwa nazi na maharage ya jirani. Ndipo, sahani zikiwa zinatandikwa na Bi Mwanakhamisi ananawa mikono, Naima akaenda bafuni. Aliporudi alisimama mlangoni, anacheka na analia, hajui lipi litangulie.

"Imekuja," akasema.

Bi Mwanakhamisi akaachia kata. "Lini? Kabla au baada?"

"Baada, mama. Sasa hivi. Tulipokuwa tunapepeta mchele nilikwenda, hakukuwa na kitu."

"Una hakika?"

"Mama, hiyo mimi naijua kuliko mtu yeyote."

Habibu alikuwa ameinama kwenye sahani, mabega yanacheza. Alikuwa analia kimya kimya kama mwanamume aliyekoswa na gari.

"Unakumbuka Blandina alivyosema?" Naima akamwuliza. "Mkiwa tayari kuwapandikiza, siku ya kwanza ikionekana, nipigieni. Hesabu inaanzia hapo."

Hapo ndipo Habibu akainua uso. Kitu kile kile walichokiogopa asubuhi nzima, sasa kilikuwa kimewafungulia njia. Wakapiga. Sauti ya nesi ikajaa sebuleni.

"Naima! Unataka kujaribu?"

"Nataka."

"Mume yuko hapo? Nataka nimsikie mwenyewe."

"Nipo. Nataka."

"Njooni basi wiki hii. Siwaahidi mtoto, mnajua. Hilo siwezi. Naahidi uangalifu."

Bi Mwanakhamisi akaivuta simu mpaka mdomoni. "Nesi, mimi ni bibi yao. Majina mmeandika vizuri?"

"Vizuri kabisa, bibi."

"Muwafunike."

Nesi akacheka. "Wamefunikwa, bibi. Ila kwa baridi."

"Masikini. Kama Iringa."

Wakala. Baada ya kula, jua la mchana likaingia ndani kama mgeni aliyezoea, na uchovu wa miezi yote ukawaangukia kwa pamoja. Bi Mwanakhamisi alilala kwanza, kitandani kwa Saida, na shuka moja tu, maana la pili alilitoa akasema mpeni mwanangu. Saida alisema yeye halali mchana, hajawahi, akaketi kwenye kiti na ungo mapajani, na hapo hapo kidevu kikamshuka kifuani. Habibu alijinyoosha mkekani, alikuwa anamweleza Naima habari za ukungu wa Mafinga, jinsi taa za magari ya mbao zilivyokuwa mbili mbili, ndogo, zinakuja taratibu kutoka mbali, na katikati ya maneno akasinzia, mdomo wazi.

Naima akamfunika. Akaketi kando yake, mgongo ukutani, tumbo linamuuma maumivu yake ya kawaida, naye akayaacha yaume. Akauchukua ule mkono wenye kovu, akauweka juu ya tumbo kama chupa ya maji ya moto. Nje matawi ya mpichi yalikuwa yanatikisika, vivuli vyake vinapita ukutani, vinakuja na kwenda. Akaiona tena ile nyumba ya barafu, safari hii kwa mbali, na mlango wake umeachwa wazi kidogo. Akataka kuhesabu taa. Ya kwanza akaiona. Akawa anaitafuta ya pili, taratibu, bila hofu, mpaka usingizi ukamchukua.